Heliamu inaweza kuzaliwa kwenye beseni la maji? Jibu kwa mwalimu wa Mpwapwa

Swali: Shikamoo Dokta. Mimi nafundisha fizikia na kemia sekondari moja huku Mpwapwa. Wanafunzi wangu wa form four wameona video, jamaa anatumbukiza kipande cha chuma kwenye maji, anaunga betri ya sola, eti linatoka joto jingi pamoja na heliamu na lithiamu, anasema ni nyuklia baridi. Kitabu kinasema elementi nyepesi zinaundwa kwenye jua kwa mamilioni ya digrii. Nani mkweli? Na kuna mtu anapita kwenye vikundi vya vikoba anauza hisa za mashine ya namna hiyo, anasema itawasha kijiji kizima bila mafuta. Nimjibuje?

Jibu: Marahaba mwalimu wangu, na mbukwenyi kwa wote huko Mpwapwa. Hili swali halina jibu la ndiyo au hapana. Kitabu chako hakijadanganya ila kimesema nusu tu, na yule wa kwenye video kashika nusu nyingine akaichanganya na uongo, au niseme na matumaini, maana sio wote matapeli, wengine wanaamini kabisa wanachokisema na ndio wagumu zaidi kuwabishia.

Kwa kifupi ni hivi. Elementi nyepesi zinaundwa kwa nishati ndogo kila siku, hapahapa Dodoma, chini ya miguu yetu na juu ya vichwa vyetu, bila jua wala mamilioni ya digrii. Ila njia zinazofanya kazi hiyo sio ile ya kwenye video. Hiyo ya kwenye video, yani viini viwili vya haidrojeni kuungana ndani ya chuma kilichozama kwenye maji mpaka litoke joto la maana, ilitangazwa 1989 na mpaka leo hakuna aliyeweza kuifanya watu wengine wakairudia kwenye maabara zao wakapata kitu kilekile. Sasa tuchambue taratibu maana hapa pana mambo matamu.

Tuanze na zile za uhakika. Kiini cha atomu kina chaji chanya, kwahiyo chochote chenye chaji chanya kikisogea kinasukumwa nje. Nyutroni haina chaji. Hiyo haisukumwi na mtu. Nyutroni iliyogongana na vitu mpaka ikapoa ikabaki na nishati ya joto la kawaida la chumba, kama 0.025 ya elektronivolti moja (kipimo cha nishati ya chembe ndogo kama hizi), ikikutana na boroni-10 inamezwa na kiini kinapasuka vipande viwili, lithiamu-7 na heliamu-4. Elementi mbili nyepesi zimezaliwa, kwenye joto la chumba! Na la kushangaza ni kwamba nyutroni ikienda taratibu ndio inamezwa vizuri zaidi, ukiiongezea mwendo inapita tu. Lithiamu-6 nayo ikimeza nyutroni inatoa tritiamu (haidrojeni yenye nyutroni mbili) na heliamu, na hii ndio njia kubwa ya kutengeneza tritiamu duniani. Huko juu angani miale ya kutoka nje ya dunia inagonga hewa inatoa nyutroni, hizo zikipungua mwendo zinamezwa na naitrojeni inageuka kaboni-14, ileile wanayotumia watu wa mambo ya kale kupimia umri wa mifupa na mkaa. Miale hiyohiyo, ila hapa kwa nguvu kubwa, inavunja naitrojeni na oksijeni inatoa beriliamu-7 ambayo inashuka na mvua, kwahiyo ile mvua ya Desemba tunayoisubiri kwa hamu huku inakuja na beriliamu changa ambayo nusu yake inaisha ndani ya siku 53 hivi.

Ukitaka mfano wa kushika na mkono, siku ukipita kwenye barabara inayojengwa ukaona fundi ameweka chini kasha lenye alama ya mionzi anapima udongo umeshindiliwa vipi na una maji kiasi gani, muulize kwa adabu kuna nini mle. Kwenye aina inayotumika sana kuna amerisiamu iliyochanganywa na beriliamu. Amerisiamu inatema chembe za alfa, yani viini vitupu vya heliamu, alfa inaingia kwenye beriliamu-9, inatoka kaboni-12 na nyutroni moja. Yani kasha lile linatengeneza kaboni pembeni ya barabara siku nzima. James Chadwick aligundua nyutroni mwaka 1932 kwa mchezo huohuo, yeye alitumia poloniamu. Hapo lakini tuwe wakweli, ile alfa inatoka na zaidi ya elektronivolti milioni 5, sio nishati ndogo, ila hakuna aliyeipasha moto, imetoka nayo kwenye kiini kilichooza.

Na hiyo inatuleta kwenye heliamu ya kwetu. Miamba hii ya katikati ya nchi, haya mawe makubwa ya matale unayoyaona kuanzia Dodoma mpaka Manyoni na Singida, ni ya zamani sana, mengi yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani yake kuna urani na thoriamu kidogokidogo. Upande wa Bahi na Manyoni watu wamekuja kutafuta urani kwa miaka mingi, waulize GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, pale Dodoma mjini wana ramani zake. Urani-238 moja mpaka igeuke madini ya risasi imeshatema alfa 8, na kila alfa ikipunguza mwendo ikaokota elektroni mbili ni atomu kamili ya heliamu. Rutherford na Royds ndio walioonyesha hilo 1908, walifungia gesi ya mionzi kwenye kioo chembamba sana, alfa zikapenya nje, wakapitisha umeme kwenye ile gesi iliyokusanyika upande wa pili na mwanga wake ukawa ni wa heliamu, ubishi ukaisha. Sasa miamba yetu imekaa miaka bilioni na zaidi inakusanya hiyo heliamu, alafu Bonde la Ufa likaja likaipasha joto na kuipasua, gesi ikapata pa kutokea. Ndio maana 2016 watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza heliamu nyingi kule bonde la Rukwa, na ndio maana hata chemchemi za maji moto za huku kati zinatoa viputo vya naitrojeni vyenye heliamu ndani yake. Kwahiyo mwanafunzi akikuambia heliamu inatoka kwenye jua tu, mwambie puto la kwenye sherehe halijajazwa heliamu ya jua, limejazwa heliamu ya mawe.

Hizo ni njia mbili, nyutroni kuingia na alfa kutoka. Ya tatu ndio yenye kelele, viini viwili vyenye chaji chanya kuungana.

Hapa kuna ukuta, tunauita ukuta wa Coulomb. Viini viwili vya haidrojeni nzito, diuteriamu, ili vigusane inabidi vipande mlima wa elektronivolti laki kadhaa. Joto la Dodoma la mwezi wa kumi na moja, hata lile la saa nane mchana, linawapa moja ya arobaini ya elektronivolti. Moja ya arobaini kwa laki kadhaa! Ila fizikia ya kwantamu inaruhusu kitu kupenya ukuta bila kuupanda, George Gamow alilionyesha hilo 1928 kwa alfa zinazotoka kwenye urani, na hesabu ileile ukiigeuza inakuambia viini vinavyoingia vinapenya vipi. Hata jua linaishi kwa kupenya hukuhuku. Katikati ya jua ni digrii milioni 15, hiyo ni wastani wa elektronivolti kama elfu moja na kitu tu, haifiki kabisa juu ya ukuta, na ndio maana jua linaungua polepole mno, protoni moja inaweza kukaa miaka bilioni kadhaa haijaungana na mwenzake. Cockcroft na Walton kule Cambridge 1932 walirusha protoni kwenye lithiamu kwa volti laki kadhaa tu wakapata heliamu mbili mbili, chini ya ukuta kabisa, kwa sababu ya kupenya.

Kwahiyo swali sio kama kupenya kupo. Kupo. Swali ni kwa kasi gani, na kasi inashuka vibaya sana kadiri nishati inavyopungua au umbali unavyoongezeka. Baada ya ule mtafaruku wa 1989, wanafizikia Koonin na Nauenberg walikaa wakapiga hesabu ya molekuli ya kawaida ya haidrojeni nzito, atomu mbili zilizoshikana, zitaungana zenyewe baada ya muda gani. Jibu lao ni kama sekunde 3 ikifuatiwa na sifuri 63. Umri wa ulimwengu wote ni sekunde 4 ikifuatiwa na sifuri 17. Hata ukiwa na kilo nzima ya hiyo gesi utasubiri na hutaona kitu.

Sasa kwanini watu wakakimbilia chuma kinachoitwa paladiamu? Kwa sababu paladiamu inanywa haidrojeni kwa namna ya ajabu, inaweza kumeza ujazo wa gesi mara 900 hivi ya ujazo wake yenyewe, Thomas Graham aliliona hilo tangu miaka ya 1860. Mtu akisikia hivyo anaona moja kwa moja kwamba mle ndani zimebanwa zinakaribia kuungana. Hapana. Atomu za haidrojeni ndani ya paladiamu zinakaa kwenye vishimo vyake, na vishimo viwili jirani vina umbali wa karibu nanomita 0.28. Kwenye molekuli ya kawaida ya haidrojeni umbali ni nanomita 0.074. Yani ndani ya chuma zimekaa MBALI zaidi kuliko kwenye gesi yenyewe. Hii peke yake ukimpa mwanafunzi mwenye akili anaweza kukaa nayo wiki nzima.

Historia nayo tamu. Kabla hata ya 1989, mwaka 1926 Berlin, wanakemia wawili, Paneth na Peters, walitangaza wamegeuza haidrojeni kuwa heliamu kwa kutumia paladiamu. Vipimo vyao vilikuwa vikali kwelikweli kwa wakati ule. Mwaka uliofuata wakajirudi wenyewe, waligundua vioo vya vifaa vyao vilikuwa vimebeba heliamu ya hewani na vilikuwa vinaiachia pakiwa na haidrojeni. Mimi hawa nawaheshimu sana. Msweden mmoja, Tandberg, naye mwaka 1927 alijaribu kuomba hataza, yani haki ya uvumbuzi, ya elektrolisisi (kupitisha umeme kwenye maji) yenye paladiamu. Alafu tarehe 23 Machi 1989, Fleischmann na Pons wakiwa Chuo Kikuu cha Utah wakaita waandishi wa habari, wakasema wameweka paladiamu kwenye maji mazito (maji yenye diuteriamu badala ya haidrojeni ya kawaida) yenye chumvi ya lithiamu, wakapitisha umeme, na joto lililotoka ni kubwa kuliko umeme ulioingia na hakuna kemia ya kulielezea. Dunia nzima ikachizika miezi kadhaa, maabara zikaacha kazi zake, na wengi hawakupata kitu. Wizara ya Nishati ya Marekani ikaunda jopo, mwisho wa mwaka ule likasema ushahidi haushawishi, wakarudia kuangalia tena 2004 na msimamo ukabaki karibu uleule.

Mimi binafsi joto silipi uzito sana kwenye mjadala huu na nitakuambia kwanini. Joto ni gumu kupima vizuri, kitu kidogo tu, maji yanayovukizwa, haidrojeni na oksijeni zinazorudiana mle ndani bila wewe kujua, kipimajoto kilichowekwa pembeni badala ya katikati, inatosha kukupa wati ambazo hazipo. Ila nyuklia haiwezi kuungua bila majivu. Ukiniambia kuna moto nionyeshe majivu yake, na majivu ya muungano wa haidrojeni ndio hizo elementi nyepesi ulizoniuliza.

Haya, tuhesabu majivu. Diuteriamu mbili zikiungana kuna njia tatu za kutokea. Karibu nusu ya mara inatoka tritiamu na protoni, karibu nusu nyingine inatoka heliamu-3 na nyutroni, na mara moja kati ya milioni kadhaa inatoka heliamu-4 na mwale wa gama wenye nishati kubwa sana, elektronivolti milioni 23.8. Hii imepimwa maelfu ya mara. Sasa chukua mtu anayedai wati moja tu, taa ndogo kabisa. Kwa njia za kawaida wati moja ina maana ya nyutroni karibu bilioni 850 kila sekunde, na mtu aliyesimama mita moja bila kinga anapata dozi ya kuua ndani ya saa chache. Kwenye maabara za 1989 watu walikuwa wanakunywa chai pembeni ya hivyo vyombo na wako hai. Kwenye hiyo video jamaa anatia mkono kwenye beseni! Kwahiyo njia za kawaida zimekataa, hapo hakuna mjadala.

Watetezi wanajua hilo, sio wajinga, wanasema ndani ya chuma mambo yanabadilika, inatoka heliamu-4 peke yake na ile nishati badala ya kutoka kama gama inamwagika kwenye chuma chote kama joto. Hakuna mwenye maelezo yanayoridhisha ya jinsi inavyotokea, lakini tuseme sawa, tuwape hiyo. Basi kila heliamu moja ni elektronivolti milioni 23.8, wati moja ni atomu bilioni 260 za heliamu kwa sekunde. Inasikika nyingi eeh? Iache siku nzima ndio upate heliamu chini ya sehemu moja ya elfu ya sentimita moja ya ujazo. Na hewa ya kawaida unayovuta ina heliamu sehemu 5.2 katika kila milioni. Piga hesabu utaona chupa moja ya soda ya mililita 350, tupu, iliyojaa hewa tu, ina heliamu sawa na siku mbili za hiyo wati moja. Kwahiyo mpira wa kuzibia ukivujisha hewa kidogo tu, au ukitumia kioo ambacho heliamu inakipenya polepole, na inakipenya kweli, umeshapata ushahidi wa nyuklia baridi ambao ni hewa ya Mpwapwa.

Kuna mtego mwingine. Kipima masi cha bei ya kawaida kinasoma namba 4. Heliamu-4 ni 4.0026. Molekuli ya diuteriamu ni 4.0282. Tofauti haifiki hata asilimia moja, na chombo chako kimejaa diuteriamu kila kona, kama mashine haina macho makali inakuhesabia diuteriamu kama heliamu. Tritiamu nayo, maji mazito mengi yanakuja na tritiamu yake tayari, na elektrolisisi yenyewe inaondoa nyepesi kwanza inaacha nzito, kwahiyo tritiamu inaongezeka kwenye maji yaliyobaki bila nyuklia yoyote. Na lithiamu? Hapa mwalimu nilicheka kidogo. Kwenye vyombo vya aina ile lithiamu inawekwa na mtu mwenyewe kama chumvi ya kupitisha umeme. Ukiikuta mwishoni umekuta ulichoweka. Boroni ukiikuta angalia bika lako, vioo vinavyohimili moto vina boroni. Shaba, zinki, chuma, vyote vinatoka kwenye nyaya na vishikizi. Wale wanaotangaza orodha ndefu ya elementi zilizogeuka ndani ya beseni mimi nawapita tu.

Sitaki ubaki na picha kwamba wote wa upande ule ni wababaishaji. Miaka ya 1990 Melvin Miles kwenye maabara ya jeshi la maji la Marekani kule China Lake alikusanya gesi na kusema heliamu inapanda pale joto linapopanda, na haionekani pale lisipopanda. Hiyo ndio hoja nzuri kuliko zote walizonazo, ni hoja ya majivu, namna sahihi ya kubishana. Shida ni kwamba viwango vilikuwa vidogo, chini ya heliamu iliyopo hewani, na wengi wetu hatujaridhika kwamba uvujaji umezibwa kila mahali. Google nao waligharamia timu ya watafiti kuanzia 2015 wakajaribu kwa uangalifu mkubwa, matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature 2019, hawakuona dalili yoyote. Ila walijifunza mengi kuhusu kuisindilia paladiamu haidrojeni.

Na kuna eneo la katikati ambalo ni fizikia halali kabisa, watu hawalizungumzi kwa sababu halina maajabu. Ukirusha diuteriamu kwa elektronivolti elfu chache kwenye chuma kilichojaa diuteriamu, muungano unatokea mara nyingi kuliko hesabu ya gesi inavyosema, kwa sababu elektroni za chuma zinafunika chaji na kuupunguza ukuta kidogo. Athari hiyo ndani ya chuma imepimwa kubwa, elektronivolti mamia kwenye paladiamu, wakati kwenye gesi ni kama 25 tu, na kwanini ni kubwa hivyo bado watu wanabishana. NASA mwaka 2020 walichukua chuma cha erbiamu kilichojaa diuteriamu wakakipiga kwa mionzi mikali wakapata nyutroni za muungano. Agosti 2025 timu ya Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, nao kwenye Nature, walipiga paladiamu kwa plazima ya diuteriamu huku upande wa pili wa paladiamu wanaisindilia diuteriamu zaidi kwa elektrolisisi, nyutroni zikaongezeka kama asilimia 15. Asilimia 15, na walipima NYUTRONI sio joto, na wakasema wazi umeme unaoingia ni mwingi mno kuliko nishati inayotoka. Mimi hiyo naiona kazi nzuri kuliko kelele zote za miaka thelathini na kitu. Lakini ona, hata hapo kuna mtu anasukuma chembe kwa maelfu ya elektronivolti, sio betri ya sola ya volti 12.

Tena kuna muungano baridi wa kweli kabisa ambao hakuna anayeukataa, na huo watu wa video hawautaji. Ukiondoa elektroni kwenye molekuli ya haidrojeni ukaweka myuoni, chembe inayofanana na elektroni ila ni nzito mara 207, molekuli inasinyaa mara 200 hivi, viini vinakaa karibu kabisa na vinaungana chap, hata kwenye haidrojeni iliyogandishwa. Luis Alvarez na wenzake waliliona 1956 bila kulitafuta. Myuoni moja inaishi sehemu mbili za milioni za sekunde na kwa muda huo, kwenye mchanganyiko wa diuteriamu na tritiamu, inaweza kuunganisha mara 100 hadi 150. Kuitengeneza tu inakula nishati zaidi ya hiyo, kwahiyo umeme haupatikani, lakini inathibitisha kitu kimoja, kinachotakiwa ni viini vikaribiane, joto ni njia mojawapo tu ya kuvikaribisha.

Kuna pia nadharia ya Widom na Larsen inayosema elektroni na protoni zinaungana kwenye uso wa chuma zinatoa nyutroni baridi, alafu hizo zinaingia kwenye lithiamu inapanda mpaka lithiamu-8, inageuka beriliamu-8, inapasuka heliamu mbili. Ule mwisho wa mnyororo ni sahihi, ndivyo lithiamu-8 inavyofanya. Tatizo ni mwanzo, kutengeneza nyutroni namna hiyo kunadai elektronivolti 780,000, nani anazilipa kwenye beseni la maji?

Kuhusu kitabu chako, ongezea tu kidogo. Heliamu nyingi ya ulimwengu na lithiamu ya kwanza ziliundwa dakika chache za mwanzo wa ulimwengu, sio kwenye jua, na zilikwama hapo kwa sababu hakuna kiini imara chenye uzito wa 5 wala wa 8, beriliamu-8 ikizaliwa inavunjika papo hapo. Boroni na beriliamu nyingi zilitokana na miale ya anga kuvunja kaboni na oksijeni. Italia chini ya mlima Gran Sasso kuna maabara inaitwa LUNA, imefunikwa na mwamba wa mita 1,400 ili ipate utulivu, wanapima miungano hii kwenye nishati ndogo kabisa, na 2020 walitoa kipimo safi cha protoni na diuteriamu kuzaa heliamu-3. Hiyo ndio nyuklia ya nishati ndogo ambayo ningependa vijana wako waijue.

Sasa huyo wa hisa. Usibishane naye kuhusu fizikia, ana majibu ya kila kitu. Muulize mbele ya kikundi, mashine yako ni ya nyuklia au sio ya nyuklia? Akisema ni ya nyuklia, basi kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, alete kibali chake tukisome. Akisema haitoi mionzi yoyote, mwambie basi alete kipimo cha heliamu kutoka maabara ambayo sio yake. Akikosa vyote viwili anawauzia betri ndani ya boksi. Na akitoa karatasi ya hataza msitishike, hataza sio uthibitisho kwamba kitu kinafanya kazi. Hela za vikoba ni za akina mama, jamani, ziacheni zikopeshane mbolea na ada.

Wanafunzi waache wafanye elektrolisisi, wala usiwakataze, ila wafanye kama kemia. Tumia magadi kidogo kwenye maji, usitumie chumvi ya mezani maana inatoa klorini inawakabisha. Na usikubali hata siku moja chombo kifungwe kizibo, hilo linanitisha kuliko hata ile heliamu. Haidrojeni na oksijeni zikijichanganya kwenye nafasi ndogo cheche moja inatosha, mwaka 1992 kule Menlo Park, California, mtafiti mmoja wa mambo hayahaya alifariki chombo cha elektrolisisi kilipolipuka. Ilikuwa kemia tupu. Madirisha wazi, moto mbali, betri ndogo, na ile hesabu ya chupa ya soda wape waifanye wenyewe kwanza kabla hujawaonyesha jibu.